Sadaka ya Wakili

Kwao ni wapi, babake alikuwa nani, alisoma chuo gani: hayo waulizeni wanaompenda. Bado wapo, barazani hawakosekani. Mimi nilikuwa karani wake wa hesabu kwa miaka kumi na sita, na ninayoyajua ni ya mezani tu. Jina lake silitaji, na msidhani ni kwa heshima. Mji mzima ulimwita Wakili, kana kwamba mawakili wengine wote wa Mombasa walikuwa wauza mabuyu, naye alipendezwa na hilo hata ukimwita kwa jina lake hageuki.

Ofisi ilikuwa Ndia Kuu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Ukipanda ile ngazi ya mbao unaanza kunusa udi kabla hujauona mlango. Alifukiza kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, akizunguka na chetezo mezani kwangu, kabatini, mpaka kwenye kompyuta. "Rizki haipendi uvundo, Bi Hesabu," akiniambia. Ndivyo alivyoniita, Bi Hesabu. Nami nikimwitikia, "Naam, Wakili," na moyoni nikisema uvundo wa ofisi hii hautoki kwa udi.

Salamu zake zilikuwa kazi nzima. Sabalkheri, umeamkaje, nyumbani hawajambo, na yule mamako mdogo wa Kuze mguu wake waendeleaje, na mkwe, na wajukuu? Hakusahau mtu wala mguu. Nimewaona watu wakipanda ngazi ile wamefura, mtu amekuja kudai pesa zake zilizokaa miezi minane, na Wakili akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza. Mpaka mtu amalize alhamdulillahi ya kumi, hasira imepoa, kahawa imeletwa na haya imemshika. Utamdai vipi mtu aliyekuulizia mguu wa mamako? Basi anashuka mikono mitupu, tena anaomba radhi kwa usumbufu. Wezi wengine nasikia hutumia panga. Huyu alitumia salamu.

Neno lake kubwa lilikuwa amana. Alilitamka polepole, macho ameyafumba, tasbihi ikipita vidoleni. "Pesa ya mteja ni mgeni wako, Bi Hesabu. Mgeni haulizwi ataondoka lini." Kweli, hawakuulizwa. Waliondoka tu, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, na mwenyewe akikaa mbele anapokea heshima ya mwenye nyumba.

Ukarimu wake ulikuwa wa hadharani. Msikiti ukitaka feni, Wakili. Maiti ikikosa sanda, Wakili. Arusi ya bintiye ililisha watu siku saba, na mpaka leo wapo wanaoipigia mfano ile biriani. Lakini ofisini sukari aliifungia kabatini pamoja na hati za mashamba, na ufunguo ukalala kwenye mfuko wake wa koti. Majani ya chai yalichemshwa mara mbili. Mara ya tatu nilikataa mimi. Siku moja nilimwomba nyongeza ya mshahara, akaniuliza kama nasali swala zote tano.

Nisimnyime haki yake, nisije nikaulizwa mbele ya Mungu. Kortini alikuwa hodari. Alisimama na karatasi moja tu mkononi, na wale mawakili vijana wenye mikoba wakababaika. Hakunywa, hakuvuta, hakuchezea wake za watu, na sijasikia siku moja kwamba alimdanganya hakimu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwizi mlevi unamjua tokea mbali, unashika mkoba wako. Huyu ulimpa mkoba mwenyewe.

Kwa asiyeijua kazi yetu nieleze kidogo. Ofisi ya wakili ina akaunti mbili benki. Moja ni ya ofisi, na humo hutoka kodi, mishahara na ile sukari ya kufungiwa. Ya pili ni ya wateja: pesa za watu anazowashikia, za nyumba inayouzwa, za mirathi, za fidia. Hizo zalala pamoja chumba kimoja, lakini kila moja ina mwenyewe, na wakili hana ruhusa ya kugusa hata thumni. Sheria yote ndiyo hiyo. Mtoto wa chuoni aielewa.

Zamani tuliandika kwenye daftari kubwa lenye jalada la kitambaa cha kijani. Wakili alilipenda daftari lile. Daftari halijibu, na ukiona mstari haukupendezi, kuna tipeksi, ile rangi nyeupe ya kufutia. Kisha kampuni moja ya kuondosha mizigo bandarini, Kilindini, ikaleta kesi zake kwetu, na mwenye kampuni akataka kila mwezi aletewe hesabu ya faili lake iliyotoka kwenye kompyuta. Wakili akanunua programu ya hesabu za mawakili kwa shingo upande. Akaja mama mmoja wa Kikamba, fundi wa hayo mambo, akanifundisha siku tatu.

"Dada, hii kitu haijui heshima ya mtu," akaniambia siku ya kwanza. "Kabla ya yote inakuuliza pesa ni ya nani. Usipojibu haiendelei. Halafu inataka sababu. Na ukishaandika haifutiki. Ukikosea utasahihisha hapo chini, lakini ile ya kwanza inabaki, na saa yake, na jina lako."

"Hata Wakili akitaka ifutwe?"

"Hata Rais."

Wakili akaipa programu jina. Aliiita Mzungu. "Mzungu wako asemaje leo, Bi Hesabu?" Kwa sababu Mzungu alikuwa na tabia moja mbaya machoni pake: ukitaka kutoa kwenye faili la mteja zaidi ya alichonacho mteja huyo, anakataa. Wakili akitaka pesa za kodi ya ofisi, mimi nikitafuta faili, Mzungu akileta maandishi mekundu.

"Amekataa, Wakili."

"Mwambie nimesema mimi."

"Hasikii."

"Basi mwombee kwa mwingine."

Kumwombea kwa mwingine, maana yake ni kutwaa za mteja wa pili ili shimo la mteja wa kwanza lisionekane. Halafu za wa tatu kwa ajili ya wa pili. Na akiniamrisha hivyo sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, kama mtu anayekuomba umpishe ndiani. Yeye mwenyewe hakugusa kompyuta hata siku moja. "Wakili hapigi chapa," akisema. Kwa hivyo kila pesa iliyohama ilihama kwa jina langu.

Na sababu? Kisanduku cha sababu Mzungu hakubali kiwe kitupu. Wengine nasikia huweka nukta, wakapita. Mimi niliandika: "Kwa amri ya Wakili, kwa mdomo." Kila mara. Msinipigie vigelegele, sikuwa shujaa. Nilikuwa mwoga mwenye mwandiko mzuri.

Mwisho wa mwezi nilitoa karatasi zote, na sheria yataka wakili azipitie na kuzitia sahihi. Alizitia sahihi kwa kalamu yake ya wino wa kijani, huku akiongea na simu, huku akifukiza. Kuzisoma, aka! "Tarakimu ni kazi ya makarani. Wakili husoma sheria." Miaka mitano, kila mwezi, mtu huyu alikuwa akitia sahihi chini ya maneno yanayosema ni yeye aliyeamuru, na mimi nikizipanga kwenye faili la rangi ya waridi kabatini, karibu na sukari yake.

Sasa nije kwa Bi mkubwa, maana bila yeye Wakili angekuwa barazani leo na leseni yake mfukoni.

Alikuwa mpangaji Kibokoni, nyumba ndogo ya chini, vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo. Mumewe alikuwa kuli Kilindini na kontena lilimwangukia. Wakili ndiye aliyeisimamia kesi, akaishinda, fidia ikalipwa milioni tatu na laki nne. Hapo ndipo alipomkalisha Bi mkubwa kwenye kile kiti cha ngozi, akafumba macho. "Bi mkubwa, pesa nyingi mkononi mwa mjane huita jamaa. Ziache kwangu, ni amana. Ukiwa na haja, njoo Jumanne." Naye akaziacha. Kila Jumanne akija kutwaa elfu mbili, elfu tatu, za kula, na kila Jumanne akiondoka na dua mdomoni.

Haja yake kubwa ilikuwa moja. Mwenye nyumba alikuwa amemwahidi kwamba siku akiuza, atamwuzia yeye kwanza. "Sitaki kutoka kisiwani, mwanangu," akinambia akiwa amekaa karibu na meza yangu. "Nimezawa hapa, mume wangu nimemzika hapa. Nawe hata ukinipa jumba la ng'ambo na bustani, nitalala na mato wazi." Basi mwaka wangu wa mwisho ofisini, kabla ya Ramadhani, mwenye nyumba akatimiza ahadi. Akataka milioni mbili na nusu, na akampa muda mpaka mwisho wa mwezi wa Idi. Ukipita, kuna mtu wa hoteli yuwangoja na pesa taslimu.

Bi mkubwa akapanda ngazi amefurahi kama bi arusi. Wakili akamwamkia, akamwulizia kila mtu, akaagiza kahawa. "Inshallah, Bi mkubwa. Kuna karatasi moja tu haijatoka. Subira." Jumanne ya pili, subira. Ya tatu, subira. Hakukuwa na karatasi yoyote. Kwenye faili lake Mzungu alikuwa akionyesha shilingi elfu sitini na moja. Biriani ya siku saba ndiyo iliyotoka humo, na kodi ya ofisi, na feni za msikiti.

Mtaniuliza, na mna haki: na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwapo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Miaka mitatu kabla ya programu kuja, mamangu alipasuliwa tumbo. Bili ilikuwa laki na ishirini, na mimi sikuwa hata na nauli ya kumpelekea uji. Wakili akaja hospitali mwenyewe, na zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Akakaa kitandani kwa mamangu, akasoma Yasini mpaka mwisho, akaenda dirishani akalipa. Mamangu alimwombea kila baada ya swala. Nami nilimpenda, wallahi nilimpenda. Ukimsema Wakili mbele yangu siku hizo ningekung'oa nywele.

Programu ilipokuja ilinibidi nihamishe kila mstari kutoka kwenye daftari la kijani. Nikafika faili la Bi mkubwa. Nikaona tarehe ileile, laki na ishirini ileile, na mahali pa sababu pamepakwa tipeksi. Nikakwangua kwa ukucha. Chini yake, kwa wino wa kijani: "Mama wa karani."

Nilikaa palepale mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Kisha nikauingiza mstari ule kwenye mashini, bila kuandika sababu ya kweli, mara moja hiyo tu. Niliandika "Matumizi." Ningefanyaje? Ningerudishaje kitu kilichokwisha kushonwa tumboni mwa mamangu? Tangu siku hiyo Wakili akisema mwombee kwa mwingine, mimi nilikuwa naombea. Alinifunga kwa pesa ambazo hata hazikuwa zake, na sina hakika kama alijua amenifunga. Nadhani kwake ilikuwa siku njema tu, amefanya thawabu, amelala.

Likaja kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka ule. Wakili alikuwa na desturi ya kutoa sadaka kwa wajane. Alikaa kitini, pale mwisho wa ngazi, kanzu nyeupe, na wajane wakapanda kwa foleni kutoka barabarani, mji mzima ukiona. Asubuhi akaniita.

"Bi Hesabu, tufunge bahasha. Wajane thelathini, elfu mbili mbili."

"Akaunti ya ofisi haina kitu, Wakili."

"Mwombee kwa Bi mkubwa wa Kibokoni."

"Kwake kumebaki sitini na moja tu."

Akahesabu kwa tasbihi. "Basi zatosha," akasema, "na elfu moja ya ziada."

Mzungu akauliza ni za nani. Nikaandika za nani. Akauliza sababu. Nikaandika: "Sadaka ya Wakili kwa wajane, kwa amri yake, kwa mdomo." Nikafunga bahasha thelathini.

Na wa kumi na tisa kwenye foleni alikuwa Bi mkubwa. Mjane si mjane? Alikuwa ameitwa kama wenzake. Alipofika juu akavuta pumzi, akaipokea bahasha kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie, Wakili. Akupe umri."

"Amin, Bi mkubwa. Ni kidogo, lakini chatoka moyoni."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, kapu la bahasha mkononi. Nimeona mambo katika dunia hii. Lakini mtu kupewa pesa zake mwenyewe, apige dua, na aliyempa aitikie amin bila kope kumpepesa! Astaghfirullah. Hapo ndipo upendo wa mwisho niliokuwa nao kwa mtu yule ulinitoka, nikabaki na dharau, na dharau ni kitu chepesi sana kukibeba.

Siku ya tatu baada ya Idi, Wakili akiwa kortini, Bi mkubwa akaja. "Mwanangu, yule mwenye nyumba yuwasema yuwataka kuona kama pesa ziko. Niandikie basi kiasi changu kwenye karatasi, nimpelekee aione kwa mato yake."

Mteja ana haki ya kuomba hesabu yake wakati wowote, na mama wa Kikamba alikuwa amenionyesha kitufe chenyewe. Nikakibonyeza. Zikatoka karatasi nne, kila mstari na sababu yake. Nikazikunja, nikamwekea mkononi. "Mpe bintiyo akusomee, Bi mkubwa. Mwambie asiruke mstari." Akazitia kifuani, akashuka ngazi.

Kesho yake, Jumatano, siku isiyo yake, akarudi. Wakili alikuwa mezani. "Asalaam aleikum, Bi mkubwa! Umeamkaje, na binti..." Bi mkubwa akaitikia salamu, kwa sababu salamu ni faradhi, na hapo akamkata. Akatoa bahasha kifuani, ile ile, haijafunguliwa, akaiweka juu ya meza.

"Twaa sadaka yako, Wakili. Kumbe nalijipa mwenyewe."

"Bi mkubwa, hayo ni mambo ya mashini. Mashini hukosea."

"Mashini ndiyo ilonambia kweli. Wewe wanambia subira."

Wakili akanigeukia, bado anatabasamu. "Bi Hesabu, mweleze Bi mkubwa."

Nikatwaa ufunguo kwenye koti lake lililoning'inia, nikafungua kabati, nikaisukuma sukari kando, nikatoa faili la rangi ya waridi. Nikamwekea mbele karatasi za miaka mitano. "Sahihi hii ya nani, Wakili?" Akavaa miwani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuzisoma. Akafunua moja, akafunua ya pili, ya tatu, na kila moja, kwa amri ya Wakili, kwa mdomo, kwa amri ya Wakili, kwa mdomo, na chini wino wake wa kijani unang'ara. Aliponyanyua uso alikuwa na uchungu wa kweli. Na mnajua aliniuliza nini?

"Kwa nini uliandika?"

Hakusema kwa nini nilitwaa. Alisema kwa nini uliandika. Mpaka leo nikikumbuka hunijia kicheko, kile cha kukata tamaa.

Yaliyofuata yalikuwa kama yanavyokuwa. Wakaguzi wanaosimamia mawakili walikuja, wakachukua mashini na faili, wakasema hawajapata kuona mtu aliyejishitaki kwa uangalifu namna ile. Leseni ikaondoka. Gari likauzwa, na kiwanja. Wenye kudai wakawa wengi, na Bi mkubwa akapata robo ya haki yake, kwa mafungu. Mwezi wa Idi ulikuwa umekwisha zamani. Mtu wa hoteli alikwisha kununua, akapaka chokaa, akaweka kitanda cha samadari cha kuonyesha wageni.

Nilimsindikiza siku ya kuhama. Lori lilibeba kitanda chake, masufuria, na pipa la maji, kwenda Changamwe kwa bintiye. Tulipofika Makupa, pale pa kuvukia kutoka kisiwani, akauvuta ukaya wake mpaka machoni, asiuone mji ukibaki nyuma. Nikamshika mkono. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia habari ya mamangu, na siku ile pia sikumwambia.

Mjini mimi ndiye niliyekuwa mbaya. Mchongezi, walisema. Amekula mkate wa mtu miaka kumi na sita, kisha amemuuma mkono. Nikapata kazi kwenye ofisi ya kuondosha mizigo Kilindini, ambako hakuna anayefukiza udi, na mshahara unakuja tarehe yake. Hayo mawili yanitosha.

Mwezi uliopita Bi mkubwa alikuja kisiwani kwa hitima ya jirani yake wa zamani, nikampokea stendi tukaingia Kibokoni kwa miguu. Tulipofika pale, nani nimwone? Wakili, kwenye baraza ya nyumba ileile, ile ya Bi mkubwa, chini ya kibao cha hoteli. Kanzu nyeupe, tasbihi, miguu ameikunja, wanaume watatu wanamsikiliza. Mwili umepungua, sauti haikupungua hata kidogo.

"Asalaam aleikum! Bi Hesabu! Bi mkubwa! Karibuni barazani." Akamwashiria muuza kahawa. "Wape vikombe viwili, na mimi niongeze." Akaanza. Changamwe mwaionaje? Binti hajambo? Na goti lake la kushoto? Goti! Alikuwa bado analikumbuka goti.

Bi mkubwa hakuketi. Alikuwa akiutazama ule mlango uliopakwa rangi, kikombe mkononi. Nikasema, "Wakili, hapa huoni haya kukaa?"

Wale wanaume wakaguna. Mmoja akanambia nimwogope Mungu. Wakili akamtuliza kwa kiganja, mpole kama siku zote. "Mwacheni. Watu husahau. Mamake huyu alipolala hospitali yuwakata roho, ni nani aliyemlipia? Mwulizeni mwenyewe awaambie."

Wote wakanigeukia. Bi mkubwa naye. Na hapo nikaona kwamba Wakili alikuwa anaamini. Alikuwa anaamini kabisa kwamba ni yeye.

"Aliyemlipia ni huyu hapa," nikasema, nikamshika Bi mkubwa bega. "Laki na ishirini, kutoka kwenye faili lako, Bi mkubwa. Niliiona kwenye daftari, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Nisamehe."

Bi mkubwa akaweka kikombe chake ukingoni mwa baraza, hajakinywa.

"Alipona?" akauliza.

"Alipona. Aliishi miaka saba."

"Alhamdulillahi. Basi hizo nimempa." Kisha akamgeukia Wakili, na sauti haikupanda wala haikushuka. "Zilosalia sijakupa."

Wakili akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukuwa na salamu ndani yake. Yule mwanaume aliyenikemea akawa anaangalia viatu vyake. Muuza kahawa, maskini, alikuwa bado amesimama na dele lake mkononi.

"Vikombe vitatu," akasema. "Nani alipa?"

Wakili akapapasa mfuko wa kanzu, huu, kisha ule, kisha akainua macho akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa ile tabia yake ya zamani ya kuombea kwa mwingine. Nikafungua mkoba wangu, nikalipa viwili, changu na cha Bi mkubwa. Cha tatu nikamwachia mwenyewe.